Warsini Alivyomrudisha Bibi wa Chemchemi

Kuna wanawake waliozaliwa na mikono ya kukunja nguo, na kuna Warsini. Mikono ya Warsini ni mipana kama ya mpasua mbao, kucha kazikata hadi nyamani, na kwenye mistari ya viganja vumbi jeusi limeingia likakaa, halitoki kwa sabuni wala kwa dua. Ukimpa mkono siku ya Idi unadhani umeshika msasa. Pale Kedungwatu, chini ya mlima wa moto wa Merapi, barabara nzima ni viwanja vya wachonga mawe, kuanzia darajani mpaka kituo cha mafuta, na katika wote hao mwanamke anayeshika nyundo na patasi ni yeye peke yake. Wengine wanasugua, wanapika, wanauza. Yeye anachonga. Wanaume walimcheka mpaka wakachoka, halafu wakaanza kuja kwa adabu kumwomba awachongee vidole, maana vidole ndivyo vinavyowashinda. Mtu anakuchongea Buddha kakaa vizuri, uso umetulia, halafu mikono kama vichane vya ndizi.

Ufundi kautoa kwa baba yake, Mzee Wiryo. Na Mzee Wiryo, hata wale wenye wivu walikuwa wanakubali, alichonga kitu kimoja ambacho mtu akikiona mara ya kwanza anashusha sauti bila kuambiwa. Alikuwa kijana tu alipokichonga. Ni Dewi Sri, mama wa mpunga, amesimama penye chemchemi ya kijiji, suke kifuani, maji yanatoka miguuni pake. Hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Bibi, basi. Watu waliteka maji pale, wakamwachia ua, wakaenda zao msikitini, na aliyeona neno hapo alikuwa mgeni.

Kisha mwaka ule wa mvua mbaya, Merapi ikashusha tope. Wanaoijua wanajua: haiji kama maji, inakuja kama barabara iliyoamua kutembea, na mawe makubwa kama nyumba yanaelea juu yake. Ilichukua chemchemi, ikachukua mashamba matatu ya chini, ikamchukua Bibi. Kijiji kizima kilichimba. Walipata mguu wake wa kushoto mpaka kifundoni. Mzee Wiryo akauosha, akauweka chini ya kitanda chake.

Warsini akasema atamchonga mwingine. Akatafuta jiwe zuri, akalimwagia maji kabla ya kulipiga, kama baba yake alivyomfundisha, akapiga kazi. Alipomaliza uso akamwita baba yake. Sasa macho ya mzee yalikuwa yameshaanza kuharibika, presha ya macho, daktari wa mjini alisema kilichokwenda hakirudi na kilichobaki kinajifunga kidogo kidogo. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye kipande cha mwanzi. Akalisogelea jiwe, akalichungulia, akalipapasa.

"Huyu nani?"

"Bibi, baba."

"Huyu ni mke wa mwenyekiti wa kijiji anangoja kupigwa picha."

Akachonga wa pili. Mzee akapapasa. "Huyu anauza dawa ya meno."

Akachonga wa tatu, na mzee akampapasa mara moja tu, akageuka akaenda zake kukaa, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Jioni ile, wakati wanakula, akamwambia binti yake kwa sauti ya mtu anayesema amepoteza ufunguo: "Nakwambia anatabasamu, anatabasamu, lakini simwoni tena. Nimemchonga mimi na sura yake imenitoka."

Warsini akaacha kutafuna.

Mtu atauliza, picha hazikuwepo? Zilikuwepo tele. Mwaka mmoja kabla ya tope, mnunuzi mmoja wa Bali alisema anataka wa kufanana naye, na Warsini alimzunguka Bibi na simu yake asubuhi nzima, juu, chini, mgongoni, kwenye kwapa, kwenye kisigino. Mnunuzi hakurudi, watu wa namna hiyo hawarudi. Picha zikabaki. Lakini pale chemchemi palikuwa na mti mkubwa, na kivuli cha majani kilikuwa kinamchezea Bibi usoni. Picha hii anacheka. Inayofuata amenuna. Nyingine ni kama ameumwa jino. Kila picha ina mdomo wake. Ukimwonyesha mzee mwenye macho ya mwanzi, anaona doa jeusi na doa jeupe, basi. Na mwanzi wenyewe ulikuwa unazidi kuwa mwembamba. Siku moja asubuhi alimwambia Warsini, "Leo ukikaa hapo nakuona pua. Jana nilikuwa nakuona na shavu."

Hapo ndipo Warsini alipoanza kuulizia kompyuta.

Fundi wa kiwanja cha jirani alishawahi kupewa na mteja sanamu ya ndani ya kompyuta, iliyojengwa kwa picha tupu. Picha nyingi za kitu kimoja, kutoka kila upande, kompyuta inazisoma, inatafuta wapi hii inakutana na ile, mpaka kitu chenyewe kinasimama na unakigeuza kama chungu mkononi. Na jambo kubwa ni hili: ukitaka unakivua rangi na vivuli vyote, unabaki na umbo lake tupu, kijivu, kama jiwe lililotoka kwenye patasi. Fundi akampa ile programu. Warsini alikuwa na kompyuta ya mwanawe, aliyeiacha alipokwenda kufanya kazi Batam. Akaitia picha zake. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaandika kwamba haiwezi, haina kadi ya picha, kile kipande cha kuikokotolea picha.

Kwenye mambo hayo pale sokoni mtu ni mmoja, Bi Lastari. Alikuwa na duka la intaneti siku zile kabla kila mtu hajawa na simu, kompyuta safu mbili, vijana wanacheza vita humo mchana kutwa wakinuka soksi. Duka lilikufa. Bi Lastari hakufa. Mashine zake kazifunika nailoni na kila moja anaijua kwa ugonjwa wake. Warsini akamwendea.

"Unataka ya kuchezea?"

"Nataka ya kumtoa Bibi kwenye picha."

Bi Lastari akamtazama. Naye alikuwa akiteka maji pale chemchemini akiwa msichana. Akaingia ndani, akatoka na kadi, tofali zito la plastiki na bati lenye feni mbili, na sanduku jingine la chuma, waya zake zimefungwa kwa raba. Malipo walikubaliana ni kinu cha jiwe cha kusagia pilipili na vyura wawili wa kuweka kwenye bwawa la samaki.

"Sasa nisikilize, maana wewe ukishafika kwenye jiwe husikii mtu. Kadi hii inakula umeme kuliko vitu vyote vilivyomo humo kwako. Unaopita kwenye ubao wa kompyuta hauitoshi. Ndo maana ina matundu mawili huku pembeni. Kila tundu na waya wake, kutoka kwenye pawa saplai, sanduku la kulisha umeme, moja kwa moja. Usigawanye, usiunge. Na hiyo pawa saplai yako ya zamani haina hata waya wa kadi, itoe, weka hili sanduku. Na waya ni hizi nilizofunga nalo. Usichukue za sanduku jingine eti kwa sababu zinaingia. Zinaingia, halafu zinaua."

"Zinaingiaje kama si zake?"

"Mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha mume wangu. Kimbia nacho uone."

Warsini akacheka, akabeba. Na kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba anaogopa umeme. Mashine ya kukatia mawe iliwahi kumrusha siku ya mvua, waya ulikuwa umelowa, akaamka kalala juu ya kokoto na ulimi mchungu. Tangu hapo, jiwe la kuua ng'ombe analibeba, lakini kuchomeka plagi anafumba macho. Kwa hiyo akamwita shemeji yake, Paijan, mume wa mdogo wake Sumirah.

Huyu Paijan ana muziki wa kukodisha. Harusi ikiwa kwa fulani, Paijan anapanga maspika yake mpaka yapite paa, na akifungulia vigae vinahama na kuku wanaacha kutaga. Na namna yake ya kazi ni ile ya wenye muziki wote wa kule. Anafika penye harusi, anaomba waya mmoja kwa jirani, kwenye waya ule anaweka kigawio cha matundu mengi, kwenye kigawio kigawio kingine, mpaka waya mmoja unalisha taa, feni, maspika, sufuria ya wali, na simu za wajomba wote. Haujawahi kuungua, anasema. Uliungua mara mbili, lakini harusi zilikuwa za watu wapole.

Asubuhi alipokuja Warsini akamweleza yote aliyoambiwa, neno kwa neno. Paijan akawa anaitikia huku anatafuta pa kuweka sigara.

"Dada, mimi nalisha harusi ya watu mia tano kwa waya mmoja. Hii ni kadi."

"Bi Lastari kasema kila tundu na waya wake."

"Bi Lastari anauza waya. Nenda kamlete mzee, ukirudi Bibi anakusubiri na chai."

Akaenda. Alimwogesha baba yake, akamvalisha shati la Idi, la batiki, lile la hudhurungi, akamshika mkono mpaka chumbani, akamkalisha kwenye kiti karibu na kioo cha kompyuta. Mlangoni alikuwa ameshatundika shuka lililolowa kuzuia vumbi la mawe. Kompyuta inawaka. Feni za kadi zinazunguka, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Paijan anatabasamu. Warsini akafungua programu, safari hii haikulalamika. Akabonyeza ianze.

Kadi ikipumzika haina shida. Ni inapoambiwa fanya kazi ndipo inapovuta. Feni zikapanda sauti. Mstari wa kazi ukaanza kusogea kiooni. Kisha Warsini akasikia harufu.

"Paijan, kuna kitu kinanuka."

"Kitu kikipata moto mara ya kwanza lazima kinuke. Hata mke, sijui niseme…"

Hakusema. Moshi ulitoka ubavuni mwa kompyuta, mweusi, mwembamba, unapanda moja kwa moja. Kikasikika kishindo kidogo ndani, kioo kikafa, na swichi ya mita ukumbini ikajiangusha. Warsini, yule anayefumba macho, alichomoa waya ukutani kwa mkono mmoja kabla hajajua amefanya nini.

Mzee Wiryo alikuwa bado anatazama mbele, shingo ameinyoosha.

"Ndo ametokea?" akauliza.

"Bado, baba."

Warsini akafungua ubavu wa kompyuta. Ndani alikuta pawa saplai ileile ya zamani. Kwenye waya wake mmoja mwembamba, wa kulishia vitu vidogo, Paijan alikuwa amechomeka kigawio, juu yake kigawio, na juu yake vichwa viwili vilivyoingia kwenye kadi. Harusi kamili. Plagi ya kwanza ilikuwa imeyeyuka ikatiririka kama mshumaa, na kichwa kimoja kilikuwa kimegandia kwenye tundu la kadi.

"Sanduku la Bi Lastari liko wapi?"

Paijan akakuna shingo. "Liko kwenye pikipiki. Taa zangu za jukwaani zinataka kitu cha nguvu, dada, na hii yako ilikuwa bado nzima. Kitu kizima mtu habadilishi."

"Lilete."

Akalileta.

"Sasa nenda."

"Dada, ni bahati mbaya tu hii."

"Bahati mbaya haibebi sanduku mpaka kwenye pikipiki. Nenda, Paijan."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Mpaka leo Paijan akifika pale hunywa kahawa yake uani, ya kuletewa na Sumirah, na kikombe cha Warsini hakijui kina rangi gani. Watu wamekuja kuwapatanisha, wamekula wali, wamekwenda zao. Huwezi kuchezea macho ya mtu yaliyobakiza kitundu, ili taa zako zimetemete.

Siku ya pili Bi Lastari akaja na pikipiki yake, amevaa koti la mvua kwenye jua. Akazitazama zile plagi. Alikaa sakafuni na kijiti cha meno, akawa anabandua plastiki iliyogandia kwenye tundu la kadi, punje moja moja, anapuliza, anainua kwenye mwanga.

"Ni nzima?"

"Pini zake ni safi. Kwa ndani sijui. Hakuna anayejua mpaka iwashwe. Ile pawa saplai ya zamani imejiua yenyewe, labda ilimkinga mwenzake. Labda."

Mzee Wiryo alikuwa kitini tangu alfajiri, shati lilelile. Hakuna aliyemwambia aje.

"Kaa hapa," Bi Lastari akamwambia Warsini. "Utafunga wewe."

"Mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Waya wa ukutani huu hapa, nimeukalia. Bonyeza kitufe cha kuwashia."

"Niwashe?"

"Bonyeza, shika kidogo. Kama kuna umeme umejificha umekwisha hapo. Sasa kompyuta hii ni bati tu kama la biskuti. Shika bati lenyewe kwanza, hapo pasipo na rangi. Haya."

Akashika. Lile sanduku jipya likaingia mahali pa lile la zamani, skrubu zake zikakazwa. Kadi ikalazwa kwenye mfereji wake, akaisukuma pande zote mbili sawasawa mpaka kikulabu cha nyuma kikaishika, akakaza skrubu ya ukingoni isining'inie kwa uzito wake. Na hapo yule mwanamke akabadilika. Bi Lastari aliona. Ulikuwa uso wa Warsini anapofika kwenye kope za sanamu, pale ambapo pigo moja la nyundo likizidi, miezi ya kazi inakuwa kokoto.

"Waya wa kwanza," Bi Lastari akasema. "Mwisho huu kwenye sanduku, palipoandikwa. Mwisho huu kwenye kadi. Unaona kile kijino? Kinatazamana na kile kingine. Usilazimishe. Sukuma moja kwa moja mpaka kiseme."

Kikasema. Tik. Sauti ndogo, huwezi kuisikia ukiwa unaongea. Warsini akainamisha kichwa kana kwamba ameambiwa jambo. Aliyekaa na mawe miaka yote ile anaijua sauti hiyo, jiwe nalo linakuwa nayo, linapokubali.

"Wa pili."

Tik.

"Vuta kidogo. Hautoki? Tazama ubavuni, kuna mwanya? Hakuna hata wa kupitisha karatasi? Vizuri. Sasa waya usiukunje hapa shingoni, uache utoke moja kwa moja kwanza, ndipo upinde. Na ukifunga ubavu usiubane."

Bi Lastari akainuka sakafuni huku magoti yanalia. Sasa ikabaki mita. Nyumba zile mita zake ni ndogo, ukipiga pasi na sufuria ya wali ikiwa inapika, mnakaa gizani. Warsini akazunguka. Sufuria ya wali akaichomoa wali ukiwa nusu mbichi. Pampu ya maji akaizima. Akatoka kiwanjani, akawaambia wasugua mawe wake wawili wazime mashine zao, wakazima. Mmoja akauliza mpaka saa ngapi. Akamjibu mpaka nitakapokuja. Kiwanja ambacho hakinyamazi hata siku ya mazishi kikanyamaza, zikabaki sauti za ndege.

Bi Lastari akachomeka ukutani. Warsini akabonyeza.

Feni zilishtuka, zikasimama. Kisha zikazunguka. Kioo kikawaka. Programu ikaiona kadi, ikaandika jina lake.

"Iko hai," Bi Lastari akasema, akakaa kitandani ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba.

Wakaianzisha. Kadi ikapandisha sauti, sauti ya upepo kwenye bomba, haishuki. Ilianza jua likiwa bado upande wa barabarani, ikaenda, ikaenda. Bi Lastari kila mara anapeleka mgongo wa kidole karibu na zile plagi mbili. "Vuguvugu," anasema. "Kama glasi ya chai iliyosahaulika. Ndo inavyotakiwa." Hakuna harufu. Hakuna aliyetoka. Sumirah alileta ndizi za kukaanga, akaziweka mlangoni kwa adabu, akaondoka upesi kwa sababu alijua mumewe kafanya nini.

Kwanza kiooni yakatokea madoa. Machache, yametupwa ovyo kwenye giza, kama vumbi la mashine ya kukatia linapopita kwenye mwale wa jua. Lakini vumbi linashuka, na haya hayakushuka. Yalikuwa yanakuja. Yalikuwa yanakuja mahali pake. Doa moja linakaa, jingine linakaa kando yake, maelfu, mpaka pale ambapo palikuwa hapana kitu pakawa na bega. Warsini akaziba mdomo kwa kiganja. Bega alilijua. Alikuwa akilishika alipokuwa mdogo anapanda kuweka ua. Yakajaa kifua, yakajaa mikunjo ya sarong kiunoni, likaja suke la mpunga, likaja sikio la kulia lenye pengo alilolipiga mtoto mmoja kwa kombeo zamani. Kitu kilichosagwa na mlima, kikapelekwa baharini kikiwa mchanga, kilikuwa kinarudi chumbani kwa Warsini, kimya, bila nyundo. Na kilichokuwa kinakirudisha kilikuwa lile tofali lenye feni, linalolia palepale mezani, limeshikwa na waya mbili.

"Subhanallah," Bi Lastari akasema chini chini. Na yeye aliyekuwa akiwaona vijana wakiua mashetani kwenye vioo vyake miaka chungu nzima, hakuwahi kusema hivyo.

Azana ya alasiri ilikuwa imeshaisha kazi ilipokamilika. Warsini akakisogeza kioo mpaka karibu ya pua ya baba yake. Akavua rangi na vivuli. Bibi akabaki wa kijivu, mtupu wa kila kitu isipokuwa umbo lake.

"Baba. Tazama."

Mzee akaweka viganja magotini. Akaanza chini, kama mchonga mawe yeyote. "Panda," akasema. Warsini akageuza kwa kidole, polepole. "Panda. Simama. Mgeuze, nione mgongo." Akauona mgongo, kipande kwa kipande, kwa kile kitundu chake. "Hapa patasi ilinitoroka, unaona? Nikajifanya ni mkunjo wa nguo." Akacheka kidogo puani. "Mrudishe. Panda. Shingo. Panda."

Akafika mdomoni. Hapo akakaa.

Alikaa mpaka Bi Lastari akamtazama Warsini, na Warsini akatikisa kichwa, acha.

"Kumbe hatabasamu," Mzee Wiryo akasema.

Warsini akainama, akatazama naye. Alikuwa amezaliwa na kukua chini ya mdomo ule, na alikuwa tayari kuapa kwamba unatabasamu, kijiji kizima kingeapa, na yale mawe matatu yaliyoharibika yote yalikuwa yanatabasamu. Mdomo ule haukutabasamu. Ulikuwa umeachana kidogo sana, kona moja imeinuka, pumzi imesimama. Ilikuwa ni majani tu, miaka yote ile, yaliyokuwa yakimchekesha.

"Anasikiliza," mzee akasema. "Nilimchonga anasikiliza. Mwaka ule chemchemi ilikuwa imekauka, nyie hamjazaliwa. Walinituma nichonge sanamu, maji hayapo. Nikamfanya kama mtu anayesikia yanakuja kwa mbali, chini ya ardhi, hana uhakika bado. Maji yakaja. Watu wakafurahi, wakaanza kusema anatabasamu. Wakasema sana, na mimi nikasema."

Nywele za mikono za Bi Lastari zilikuwa zimesimama, akazipapasa zilale.

"Warsini."

"Naam, baba."

"Niletee udongo. Ule wa kufinyangia, uliolowa. Haraka, kabla jicho halijachoka."

Akatoka mbio, mwanamke mzima, akapita wasugua mawe wanaomkodolea macho, akarudi na bonge la udongo kwenye jani la mgomba. Mzee akalikanda mapajani kwenye shati la Idi. Akawa anachungulia kioo, anachungulia udongo, anachungulia kioo. Warsini anamgeuza Bibi kwa kidole kimoja, huku, kidogo, rudi hapo, bila kuulizwa, maana alijua baba yake anatafuta nini kabla hajasema. Dole gumba la mzee likabonyeza kona ya mdomo, likarudi, likabonyeza tena, chini zaidi. Nje mtu aliita kuuliza kama pampu inaweza kuwashwa. Bi Lastari akaenda dirishani akamwambia akateke kisimani.

Jua lilipofika ukutani mzee akaacha. Mkononi mwake palikuwa na mdomo tu, hauna pua juu wala kidevu chini, mdogo kama yai la bata. Ukiutazama unanyamaza ili nawe usikie.

"Shika," akasema. "Usiukaushe juani, utapasuka. Kesho utafute jiwe."

Warsini akajifuta viganja kwenye sketi, mara mbili, akaupokea kwa mikono yote miwili.